Ukiuza Ukale, Usile Mtaji

Kuna kitu kinachouzwa kila siku Mji Mkongwe na hakimo kwenye daftari la mtu yeyote. Vitanda vimo. Viyoyozi vimo, na kila mwaka tunavipunguzia thamani mpaka vibaki na sifuri. Jenereta, friji, mashuka, hata vile vikapu vya ukindu vya kutilia taulo, vyote vimeandikwa. Lakini mgeni anayelala kwenye nyumba ya mawe Kiponda, akalipa zaidi ya ambavyo angelipa kwenye jengo jipya njia ya uwanja wa ndege, hakulipia jenereta. Amelipia boriti za dari, daka la mlangoni, zidaka za ukutani, na ngazi zilizolika katikati kwa nyayo za watu waliozipanda kabla hatujazaliwa. Amelipia kichochoro ambacho gari haiingii. Katika vitabu vya hesabu, thamani ya hayo yote ni sifuri tangu siku ya kwanza.

Mimi ni mhasibu. Wateja wangu ni nyumba za wageni, mikahawa, maduka ya vitambaa, na fundi mmoja wa fanicha ambaye risiti zake huniletea zikiwa na vumbi la mbao. Si mwanahistoria, wala sidai. Ila kwa miaka ya kukaa na karatasi za watu nimejenga imani moja, nayo ndiyo iliyonifanya niandike: biashara inayotia pesa katika historia ya mahali ilipo haitoi sadaka. Inanunua stoki. Na ile isiyotia chochote inakula mtaji, tena mtaji ambao si wake peke yake.

Wenye maduka wa zamani, kijana alipokabidhiwa biashara, neno la kwanza aliloambiwa lilikuwa hilo. Kula faida, mtaji uuache. Aliyekula mtaji alijulikana mtaa mzima, na hata kuozeshwa ilikuwa shida.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki sita. Wengi wao wanakwenda pwani, Nungwi, Kendwa, Paje, wanapitia mjini usiku mmoja au nusu siku. Mchanga mweupe tunao, lakini wanao na Maldives, wanao Seychelles, na ndugu zetu wa Diani pia wanao. Mji Mkongwe uko mmoja, na tangu mwaka 2000 umo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mwenye hoteli ya ufukweni akitengeneza tangazo, picha ya kwanza ni bahari; ya pili, karibu kila mara, ni mlango wa nakshi wa mjini. Mlango ule si wake. Hajawahi kuupaka mafuta.

Kisha tukafika siku ya Krismasi ya 2020. Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash lililojengwa mwaka 1883, lililokuwa limekabili bahari Forodhani na kutokea kwenye kila kadi ya posta ya kisiwa hiki, liliporomoka sehemu ya mbele pamoja na mnara, mafundi wakiwa ndani wakilitengeneza. Watu wawili walifariki. Mengi yamesemwa juu ya msiba ule na sina la kuongeza upande wa uhandisi. Nitasema la upande wangu tu: mwezi uliofuata nilifunga hesabu za mwaka za wateja wangu, na hakuna hata mmoja aliyeandika hasara. Kiuhasibu walikuwa sahihi, maana jumba halikuwa lao. Lakini wote walikuwa wakiliuza. Lilikuwa kwenye vipeperushi vyao, kwenye kurasa zao za Instagram, na kwenye njia ya kila mtembeza wageni waliyempa kazi. Mali waliyoishi kwayo ilianguka, na daftari halikutikisika.

Nadhani tatizo letu limejificha hapo. Kitu kisichoandikwa hakitunzwi. Mwenye hoteli atakwambia bila kusita fedha anazotumia kwa dizeli. Muulize ametumia kiasi gani mwaka huu kuhakikisha mtaa wake unabaki kuwa mtaa ambao mgeni atapanda ndege kuja kuuona, atakutazama kama umeuliza bei ya mwezi.

Wapo walioelewa mapema. Kwenye ufukwe wa Malindi lipo jengo la rangi rangi lenye roshani za mbao zilizotobolewa kama lesi, ambalo wengi tunaliita Old Dispensary hivyohivyo kwa Kiingereza. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 kwa fedha za Tharia Topan, tajiri wa Kiismailia aliyesimamia ushuru wa forodha chini ya Barghash. Alikusudia iwe hospitali. Alifariki mwaka 1891 kabla halijakamilika, na jengo likapita mikono mingine kabla ya kuwa zahanati. Baada ya Mapinduzi lilichakaa sana. Miaka ya 1990 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ukalifufua, roshani kwa roshani.

Mfuko huohuo ulilishika jengo la zamani la simu za nje kule Shangani, pamoja na nyumba ya jirani yake, na hayo mawili ndiyo leo hoteli ya Zanzibar Serena. Tena ukaja Forodhani: bustani ikachimbwa, ukuta wa bahari ukajengwa upya, taa na mifereji ikawekwa, na mwaka 2009 ikafunguliwa. Sasa mtu anaweza kusema, hao ni Aga Khan bwana, wana fedha zao. Ni kweli. Lakini tazama mpangilio wake. Taasisi ya utamaduni na kampuni ya hoteli ni watoto wa familia moja. Mgeni wa Serena akitoka mlangoni jioni anatembea ufukweni mpaka Forodhani, anakula mishkaki na maji ya miwa chini ya Ngome Kongwe, anarudi ameridhika, anamwandikia rafiki yake. Hiyo bustani ni sehemu ya chumba alicholipia, ingawa haina namba ya mlango. Na anayefaidi zaidi pengine ni muuza mishkaki, ambaye hakuchangia hata tofali na hatukumtaka achangie.

Hapa nitoke kidogo kwenye njia. Watu hupenda kusema kwamba wafanyabiashara kusaidia mambo ya mji ni fikra ya kigeni iliyokuja na mashirika makubwa na vitengo vyao vya uwajibikaji kwa jamii. Si kweli hata kidogo. Pwani yote hii imejengwa kwa wakfu. Tajiri alikuwa akiacha nyumba ya kupangisha ili kodi yake ihudumie msikiti, akichimba kisima, akiweka sabili mpita njia anywe maji. Mpaka leo nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziko chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Yule tajiri alitafuta thawabu, ndiyo, lakini tusijifanye hatujui kwamba alitafuta na jina. Na jina ndilo lililomfanya mwenye jahazi kutoka Muscat au Kutch kumwaminia mzigo bila karatasi. Wazee wale hawakuona aibu thawabu na faida kukaa kwenye chungu kimoja. Sisi ndio tumevitenganisha, kimoja tukakipeleka msikitini na kingine benki.

Turudi. Kuna mfano mmoja unaoniumiza kichwa kila nikiukumbuka, wa tamasha la Sauti za Busara. Lilianza mwaka 2004, likaota mizizi ndani ya Ngome Kongwe, na kila Februari likaleta wanamuziki kutoka kila pembe ya Afrika na umati nyuma yao. Siku hizo ukitafuta chumba mjini huambiwa pamejaa. Teksi zinakesha, mama wa urojo anamaliza sufuria kabla ya magharibi. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika. Sababu ilikuwa fedha: lilikuwa likiegemea wafadhili wa nje kwa sehemu kubwa, na wafadhili walipopungua hapakuwa na bega la ndani la kuegemea. Lilirudi mwaka 2017. Lakini ule mwaka mmoja wa ukimya ulikuwa somo la hesabu la bure kwa kila mwenye kitanda cha kukodisha.

Mbona hawakuchanga? Nimewauliza baadhi ya wateja wangu kwa upole, maana mhasibu akiuliza sana hubadilishwa. Jibu lilikuwa la namna moja kwa maneno mbalimbali: nikitoa mimi, atafaidi na jirani ambaye hakutoa. Ni hoja ya kweli, siicheki. Barabara ikiwekwa taa, taa haichagui duka. Ila mwenye hoja hiyo husahau nusu ya pili, kwamba asipotoa yeye na jirani naye akangoja vivyo hivyo, watafaidi wote giza.

Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, nacho kilipita hapohapo. Tangu mwaka 2002 kimefundisha taarab, udi, kanuni, fidla na ngoma kwenye jumba la forodha ya zamani. Mwaka 2019 kiliomba msaada hadharani ili kisifungwe. Nami nafahamu hoteli ngapi hutaka taarab darini jua linapozama, mgeni akiwa na sharubati ya ukwaju mkononi. Wanataka mpiga kanuni. Mpiga kanuni haokotwi sokoni Darajani. Anafundishwa miaka, na kuna mtu anayelipa miaka hiyo. Klabu kama Ikhwani Safaa, iliyoanza mwaka 1905, imebeba kazi hiyo kwa michango ya wanachama wake wenyewe, watu wa kawaida, wakati ambapo wanaouza machweo na muziki wanalipa ujira wa usiku mmoja na kuomba risiti.

Sasa nifike kwenye chokaa, maana hapa ndipo nina uchungu na ndipo fedha zinapoonekana kwa macho.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo mwekundu na chokaa. Jiwe la matumbawe lina vitundu, hunywa maji na kuyatoa. Chokaa nayo iko hivyohivyo. Mvua ya masika ikipiga ukuta, unyevu unaingia, jua la baadaye unatoka. Chumvi ya bahari imo humo humo ndani ya jiwe, inatembea na maji. Kwa zaidi ya karne kuta hizi zimeishi kwa kuingiza na kutoa. Kisha akaja mtu na mfuko wa saruji.

Saruji ni rahisi kupata, inakauka upesi, na siku ya kwanza ukuta unang'aa. Nina mteja mmoja, sitaitaja nyumba yake, ambaye alipiga plasta ya saruji ghorofa nzima ya chini. Katika vitabu tuliokoa pesa mwaka ule, nikamletea hesabu nzuri, tukafurahi. Masika ya pili ukuta ukaanza kutoa mabaka, rangi ikavimba kama ngozi iliyoungua. Maji yalikuwa yameingia kutoka chini na juu na hayana pa kutokea. Chumvi ikajikusanya nyuma ya plasta na kulisukuma jiwe mpaka likawa unga. Ncha za boriti zilizozama ukutani zikaanza kuoza. Vyumba vya chini vikafungwa katika msimu ambao vingeuzwa kwa bei ya juu. Akaitwa fundi mzee, muashi wa chokaa, ambaye alipogonga ukuta kwa ufito wa chuma alisema neno moja tu: "Mmeuziba pumzi."

Kuivua saruji ile kulikuwa na gharama zaidi kuliko kuipaka. Kisha ikaja kungoja. Chokaa huchomwa kwenye tanuu, huzimwa kwa maji, halafu hulazwa shimoni, na kadiri inavyolala ndivyo inavyokuwa laini na yenye kushika. Mteja wangu alikuwa akija kila asubuhi.

"Mzee, bado tu?"

"Bado, mwanangu."

"Wageni wanakuja mwezi ujao."

"Waje. Chokaa haina habari na wageni."

Yule fundi alikuwa na vijana wawili, na mmoja alikuwa akiwaza kuacha ili aende kujenga vyumba vya ufukweni, ambako matofali ya saruji hulipa kila Jumamosi. Hapo ndipo nilipoielewa ile hasara isiyoandikwa kwa ukamilifu wake. Kijana huyo akiondoka, na mwenzake akiondoka, bei ya kutengeneza kila nyumba ya mawe mjini inapanda, si kwa sababu chokaa imekuwa adimu, bali mikono. Hoteli kumi zikikubaliana kumpa fundi mmoja kazi ya mwaka mzima, kwa zamu, ukuta mmoja hapa na dari moja pale, zitakuwa zimehifadhi elimu ya ujenzi ya pwani na papo hapo zimeshusha gharama zao za miaka ishirini ijayo. Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, inaweza kutoa vibali na kukagua kuta. Haiwezi kumpa kijana mshahara wa Jumamosi. Hilo ni la wenye nyumba.

Na hapa niweke neno la kitaalamu, wasiopenda kodi waruke aya hii. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inakuruhusu kutoa mchango kwa taasisi ya hisani au mradi wa maendeleo ya jamii na kuuondoa kwenye pato kabla ya kutozwa kodi, lakini kwa kikomo cha asilimia 2 ya pato la biashara. Matengenezo ya jengo unalofanyia biashara, au tangazo lako halali, hayaingii kwenye kikomo hicho. Ndiyo maana huwaambia wateja wangu wasikimbilie kuliita kila jambo la historia "msaada". Ukuta wa chokaa ni matengenezo. Kibao cha historia ya nyumba chenye jina la mkahawa wako ni tangazo. Ukiliita msaada unajinyima mwenyewe, na zaidi ya hapo unajizoesha kuliona kama jambo la kutoa ukiwa nacho na kulikata mwaka ukiwa mbaya. Dizeli hukati mwaka ukiwa mbaya.

Si lazima uwe na jumba. Kenyatta Road, Shangani, kuna Capital Art Studio, iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza. Ilikuwa studio kama studio nyingine: picha za harusi, za pasipoti, za familia zimevaa nguo za Idi, pamoja na picha za mji na shughuli zake. Familia haikuzitupa hasi, yaani zile filamu ambazo picha husafishwa kutoka kwake. Wengine wote walipozitupa, au kuziacha zikaliwa na unyevu, wao waliziweka. Miaka mingi baadaye, simu zilipoua biashara ya studio duniani kote, kilichobaki na bei ni zile picha kuukuu. Wageni huzinunua, na Wazanzibari huzinunua vilevile. Nimemwona mtu mzima akisimama mbele ya picha ya Forodhani ya utoto wake akashindwa kuchagua. Kutunza kumbukumbu ya mtaa kulikuwa gharama ya kabati na subira, na kukawa ndiyo biashara yenyewe.

Ng'ambo ya bahari, Mombasa, mtaa wa Biashara, kuna duka la Kaderdina Hajee Essak linalouza kanga tangu mwaka 1887. Kanga zake zina chapa ya "Mali ya Abdulla", na mama wa pwani akikagua kanga huitafuta chapa hiyo pembeni kabla hajausoma usemi. Sokoni zimejaa kanga za bei rahisi kutoka nje, zenye rangi kali na maneno yaliyokosewa. Zile za rahisi zinauza kitambaa. Duka la Kaderdina linauza kitambaa pamoja na zaidi ya miaka mia ya mabibi waliokivaa. Ushindani wa bei hauwezi kukifikia kitu hicho cha pili, isipokuwa duka lenyewe likiache.

Lakini historia ni bidhaa inayochacha ikichanganywa na uongo. Papasi wetu, wale wanaowafuata wageni mitaani kuwatembeza, wana hadithi ya misumari ya shaba kwenye milango: eti iliwekwa kuzuia tembo wasisukume mlango. Tembo, Unguja! Mtindo ule una asili ya Bara Hindi, na kisiwani haikuwa ila pambo na ukwasi. Mgeni anacheka, anapiga picha, anarudi chumbani na kutafuta kwenye simu yake. Tangu hapo hakuamini tena, hata ukimwambia kweli.

Hadithi ya tembo ni ya kuchekesha. Zipo zisizochekesha. Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, ndipo lilipojengwa kanisa kuu la Anglikana. Pembeni, chini ya jengo la St Monica, kuna vyumba vya chini ambavyo vizazi vya watembeza wageni wamevionyesha kama magereza ya watumwa wakisubiri mnada. Jengo lenyewe lilijengwa baada ya soko kufungwa, na wanahistoria wamelihoji simulizi hilo. Mwaka 2016 yakafunguliwa hapohapo maonyesho ya kudumu ya biashara ya utumwa Afrika Mashariki, yenye nyaraka na maelezo ya kina, na nje kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya mchongaji Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Ukiingia humo hakuna anayekuuzia kitisho. Ukweli wenyewe unatosha, na watu wanatoka kimya, wanalipa, wanawaambia wenzao waende. Nauona huu kuwa uthibitisho kwamba utafiti unalipa. Kumlipa kijana wa chuo kikuu akae Kilimani kwenye Nyaraka za Taifa, apekue nyumba yako ilikuwa ya nani na nani aliyabeba mawe yake, ni gharama ndogo kuliko kubadilisha magodoro. Na usiogope akikuta jambo zito. Nyumba nyingi za fahari za mji huu zilijengwa kwa mali ya karafuu na pembe, na nyuma ya mali hiyo walikuwapo watumwa. Hoteli inayolisema hilo kwenye kibao chake, kwa Kiswahili kwanza kisha kwa Kiingereza, itaheshimiwa na mgeni. Itaheshimiwa pia na wafanyakazi wake, ambao huenda ni vitukuu vya wabeba mawe.

Kwa Kiswahili kwanza, nasisitiza. Vibao vingi mjini vinazungumza na mgeni kupitia juu ya kichwa cha mwenyeji. Mtoto wa skuli ya Hamamni anapita kila siku mbele ya maandishi yanayomhusu yeye na hayamsemeshi. Mwenye biashara anayetaka mtaa uilinde nyumba yake aanze kwa kuuambia mtaa hadithi ya nyumba hiyo. Sheha, kiongozi wa mtaa, na wazee wa baraza watakuja siku ya kibao, watakunywa kahawa, watasahihisha majina mawili matatu, na baada ya hapo hutahitaji kumlipa mlinzi wa usiku aangalie mlango wako wa nakshi. Mtaa mzima utauangalia.

Lipo jambo moja ambalo bado halijanikaa sawa. Yote niliyosema yamezunguka Mji Mkongwe, na mimi ni mtoto wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, nje ya nyumba za mawe. Ng'ambo ndiko walikokaa wengi, wachukuzi, mafundi, wapishi, walioachwa huru na wajukuu wao. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba na kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, aliishi na kuimba Ng'ambo, na watu walimiminika nyumbani kwake usiku kumsikiliza. Raha Leo ndiko ilikokuwa redio, ile iliyotangaza Mapinduzi mwaka 1964. Michenzani zikasimama zile nyumba ndefu za ghorofa zilizochorwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Hakuna hoteli inayouza hayo. Freddie Mercury ana jumba lake la makumbusho Shangani tangu mwaka 2019, biashara ya watu binafsi, na sina ugomvi nalo. Kazaliwa hapa, na wageni wanalitafuta. Ila hesabu inaniambia kwamba mahali ambapo historia ni tele na hakuna anayeiuza, ndipo mtaji wa kuanzia ulipo nafuu.

Mteja wangu mmoja, dada wa makamo mwenye akili za haraka, amepanga chumba cha chini kwenye mojawapo ya majengo ya Michenzani na anafungua mkahawa. Hataki picha za milango. Anataka za Ng'ambo: vijana wa mpira, harusi zenye beni, mafundi wakiwa juu ya jukwaa la ujenzi wa ghorofa hizohizo. Anakusanya kutoka kwa majirani, anazipiga nakala, za asili anawarudishia zikiwa kwenye fremu. Na kila Alkhamisi usiku anataka mzee mmoja wa mtaa, aliyewahi kufanya kazi redioni, aje asimulie. Aliniuliza malipo ya mzee tuyaweke fungu gani: burudani, msaada, au mengineyo? Nikamwambia gharama za mauzo, pamoja na unga, maziwa na buni.

Mzee amekubali kuja, kwa masharti. Kahawa yake iwe chungu, iletwe na kashata, na mtu yeyote atakayezungumza kwenye simu wakati yeye anasimulia atolewe nje. La kahawa na kashata tumeliandika kwenye mkataba. Hilo la simu dada amesema atalishughulikia mwenyewe.